Wagombea wa kangomba: Kusini tunanunuliwa kura kabla mnada haujafunguliwa

Mdau wa Kitama (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuunga unga apite tu.

Kampeni za uchaguzi mkuu huu wa 2025 zimeanza tangu Agosti 28 na kura ni Jumatano Oktoba 29. Sasa weka hiyo ratiba pembeni ya kalenda ya mkulima wa korosho uone. Mwezi wa sita mpaka wa nane hela yote imeishia kwenye palizi na kupulizia dawa mikorosho, hata kama salfa umepewa ya ruzuku bado kuna mafuta ya mashine, bado kuna mtu wa kupuliza naye anataka chake. Septemba korosho ndo kwanza zinaanza kudondoka, mnada wa kwanza mpaka Oktoba huko, na malipo yakiwahi kuingia shukuru Mungu. Yani kile kipindi ambacho mfukoni hamna kitu kabisa ndo hicho hicho magari ya vipaza sauti yanaingia kijijini. Elfu tano ya Septemba hapa Tandahimba sio elfu tano ya Desemba, kila mtu anajua.

Na yupo mtu mwingine tunamjua anakuja kipindi hiki hiki. Kangomba. Anaingia usiku na kipimo chake, anakukuta una mgonjwa ndani, anakupa hela kiduchu kwa korosho ambazo bado ziko mtini, msimu ukifunguka yeye ndo anapeleka ghalani kwa bei ya mnada we unabaki na mabibo. Tunamlaani kila mwaka. 2018 ule msimu wa Magufuli, bei 3,300 kwa kilo na jeshi linabeba mzigo, watu walihakikiwa mpaka mashamba ili anaswe yeye, na wakulima halali wakasubiri hela miezi na miezi kwa ajili yake. Sasa mgombea anayegawa khanga na kofia mwezi wa tisa anafanya biashara gani tofauti na hiyo? Ananunua miaka mitano yako kwa bei ya njaa. Huyo ni kangomba tu ila huyu tunampigia vigelegele.

Kilichonifanya niandike ni mkutano mmoja kwenye kata yetu. Mgombea ubunge, chama sitaji maana wakianza kubishana kuhusu chama uzi umekufa. Kaja, kacheza sindimba kidogo, kaahidi barabara, maji, kiwanda cha kubangua. Mshereheshaji akasema kama kuna swali moja mawili haraka haraka. Akasimama bi mkubwa mmoja wa makamo ya mama yangu, kajifunga khanga kiunoni, akatoa karatasi kwenye pochi imekunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi yake ya malipo ya msimu uliopita. Akasema, "Mwanangu, bei ya mnada tuliyotangaziwa hii hapa. Iliyoingia kwangu hii hapa. Hapa katikati nimekatwa na nani na nani, na wewe lipi utakwenda kulisemea?"

Jamaa akapokea karatasi akaigeuza geuza, akamrudishia. "Mama hilo swali zuri sana, tukishinda tutalifanyia kazi." Watu wakapiga makofi! Bi mkubwa hakukaa. "Sijakuuliza ukishinda. Nimekuuliza unajua au hujui." Hapo muziki ukawashwa.

Wakuu, mjengeko wa bei, yani orodha ya makato, unatangazwa kila msimu, kuna cha chama cha msingi (AMCOS), cha chama kikuu, cha ghala, cha usafiri, haya mambo karani yeyote wa AMCOS anayasema bila kuangalia daftari. Huyu anaomba kwenda Dodoma kutusemea sisi, jimbo zima linaishi kwa zao moja, na hajui mkulima anakatwa nini. Kijana akiomba kazi ya kupima mizani ghalani tunamuuliza kama anajua kutofautisha korosho daraja la kwanza na la pili. Anayeomba ubunge tunamuuliza kama anajua kucheza.

Na sisi wenyewe maswali yetu ndo yanampa upenyo. Ukimuuliza mtu "utatuletea nini" umemfungulia geti, ataleta mpaka bahari Newala. Mbunge hajengi barabara. Ile Mtwara–Newala–Masasi kilomita 210 imeahidiwa na kila aliyewahi kushika kipaza sauti, kilomita 50 za mwanzo za kufika Mnivata zikaisha, zile 160 zilizobaki zikaingia mikononi mwa wakandarasi, na leo kila anayepanda jukwaani anasema ni yeye. Kazi ya mbunge kwenye Katiba Ibara ya 63 ni kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba yetu, kupitisha bajeti, kutunga sheria. Sasa muulize hayo.

Mfano mmoja tu. Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Kabla ya hapo asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye kuendeleza zao, salfa, miche, utafiti pale Naliendele. Baada ya hapo yote ikaenda Hazina. Kuna wabunge wa kusini walisimama wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikatoka, wengine kimya. Yote iko kwenye Hansadi, yani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, kwenye tovuti ya Bunge, unapakua bure. Kampeni za 2020 kwenye mikutano yote niliyohudhuria sikusikia mtu mmoja akiuliza "siku ile wewe ulikuwa upande gani". Tuliuliza lini umeme utafika.

Nakaribisha maoni, matusi peleka kwenu.

---

Salfa ya Unga

Mkuu umeongea vizuri ila njaa haijui Ibara ya 63. Mimi khanga nachukua, kofia nachukua, wali nakula, na kura nampa ninayemtaka. Kula kwake kura kwangu. Shida iko wapi

---

Binti Naliendele

@Salfa ya Unga shida iko hivi kaka. Wewe unajiona mjanja lakini yule mwenye akili ambaye hana hela za khanga hata kwako hafiki, anakata tamaa kwenye kura za maoni za ndani ya chama huko. Kwahiyo ukifika kwenye karatasi unakuta majina ni ya wenye magari tu na huyo "ninayemtaka" hayupo.

Alafu watu wanasahau hii kitu ilishawahi kuwa halali kabisa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaingizwa takrima, eti ukarimu wa kawaida na wa kimila, mgombea akikupikia pilau sio rushwa ni ukarimu. Mashirika matatu ya wanasheria na haki za binadamu, LHRC, LEAT na NOLA, yakaenda mahakamani na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vile vifungu kwa sababu vinambagua mgombea asiye na kitu na vinamharibia mpiga kura uhuru wake. 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwahiyo huo wali unaokula una historia ndefu kuliko unavyodhani.

Ukarimu wa kimila wa kwetu mgeni ndo anapikiwa ming'oko. Lini mgeni akaja na sufuria lake?

---

Mjukuu wa Liwale

Nyie watu wa Mtwara mnanichekesha. Sisi Liwale 2015 tulihoji, tukachagua, tukampa CUF. 2018 mheshimiwa akahamia CCM, kwa Katiba ukihama chama ubunge unakoma, Oktoba hiyo hiyo tukarudishwa kwenye uchaguzi mdogo na mtu yule yule kavaa sare nyingine, na akatangazwa mshindi. Hela za uchaguzi mara mbili kwa mtu mmoja. Sasa niambie nilipaswa nimuulize swali gani 2015? "Utahama lini kuunga mkono juhudi za Rais?"

Na mwaka huu wa 2025 ndo kabisa. CHADEMA hawapo kwenye karatasi, mwenyekiti wao yuko ndani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, mgombea urais wa ACT kaenguliwa, karejeshwa na mahakama, kaenguliwa tena. We unaniambia habari ya mjengeko wa bei.

---

Mdau wa Kitama

@Mjukuu wa Liwale hilo sikupingi hata kidogo, na mchezo usipokuwa sawa swali zuri halisawazishi uwanja. Lakini angalia upande wa pili, huyu mtu anajua atashinda na bado anakuja na lori la khanga. Kwanini? Kuna kitu bado anakihitaji kwetu, hata kama ni picha ya umati tu. Basi kabla ya kumpa umati ajibu. Tukisema hakuna maana tunakuwa tumemsamehe hata yale maswali matatu ambayo yangemtoa jasho.

Na kuhusu kuhama, hilo la Liwale lilikuwa swali halali kabisa la 2015: ukihama utarudisha nini? Andika mbele ya watu.

---

Mzee wa Mikindani

Wanangu salaam. Hilo la kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano lilikuwepo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliweka haki ya wananchi kumwondoa mbunge wao na ukomo wa vipindi vitatu. Bunge Maalum la 2014 likaviondoa. Walioviondoa wengi wao ni wabunge. Sasa vijana muulizeni kila mgombea anayepita hapo: katiba ikirudi mezani utaunga mkono kifungu cha sisi kukuondoa? Ndiyo au hapana, asianze hadithi ya amani na utulivu.

Mimi nilikuwepo hapa Mtwara 2013 ya maandamano ya gesi, Januari mpaka Mei. Watu walisimama kwa sababu waliahidiwa mambo majukwaani na hakuna aliyeahidiwa kwa maandishi. Bomba la kupeleka gesi Dar likajengwa, Oktoba 2015 likazinduliwa, ahadi zikabaki kwenye masikio ya wazee kama mimi.

---

Kilwa Masoko

Mzee wangu shikamoo. Upande wetu gesi ya Songo Songo inakwenda Dar tangu 2004. Kuna kitu kinaitwa ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo, kampuni inalipa halmashauri. Hiyo sio ahadi, ni hela inayoingia. Nimemuuliza mgombea udiwani mmoja ambaye anatetea kiti chake, mheshimiwa mwaka jana tulipata shilingi ngapi na zilijenga nini. Akaniambia hayo ni mambo ya kitaalamu muone mweka hazina. Miaka mitano kakaa kwenye baraza la madiwani, kila robo mwaka wanaletewa taarifa ya mapato na matumizi wanapitisha, posho anasaini yeye sio mweka hazina!

Halafu mkumbuke Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga tukawa kisiwa, bidhaa hazipiti. Mgombea wa kwetu kaja juzi kasema "nitahakikisha". Sijui kwanini hili neno halipigwi marufuku kwenye kampeni.

---

Mjumbe Shina Namba

Naona mmeanza kutafuta mchawi mtakuja kwetu wajumbe, ngoja niwahi. Ndio mimi ni mjumbe wa chama, napiga kura za maoni, ndio wajumbe sio watu, tangu 2020 mnatuimbia. Lakini semeni ukweli, kura za maoni zikiisha nyumba zipi zinakuja kuuliza "mjumbe we umepata ngapi na sisi zetu ziko wapi"? Ni nyie nyie. Kuna kijana mwalimu alichukua fomu mwaka huu, ana hoja, anajua halmashauri nje ndani, hakumpa mtu hata nauli. Kwenye kikao watu wanamuuliza "unajitambua kweli wewe?" Mimi kura nilimpa. Hesabu iliposomwa nikajua tulikuwa wachache sana.

---

Salfa ya Unga

🤣🤣 mjumbe kajitetea vizuri lakini hajasema yeye nauli alipokea ya nani

---

Mjumbe Shina Namba

@Salfa ya Unga wewe si umesema kula kwake kura kwangu? Basi tuachane.

---

Mwanamakonde

Naomba na mimi nichangie kidogo jamani. Hivi vipimo mnavyovitaka mvipime sawa kwa wote. Kata yetu kuna mama anagombea udiwani. Mikutano miwili yote aliyofanya swali la kwanza ni "mume wako yuko wapi" na la pili "watoto unamwachia nani". Mgombea mwenzie mwanaume ana wake wawili na hakuna aliyemuuliza kitu. Yule mama ndo alikuwa anaenda ofisi ya mtendaji kuulizia mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, ilivyosimamishwa Aprili 2023 mpaka Julai 2024 yeye ndo alituelewesha kwanini vikundi vyetu vimekwama. Anajua kazi kabla hajapewa. Halafu tunamuuliza mume.

Na hapa kusini mikorosho mingapi ni ya akina mama? Tuache.

---

Msomi Masasi

Suluhisho ni rahisi tu, wekeni sharti la digrii. Katiba inasema mbunge awe na miaka 21, na kwa upande wa elimu ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Ndo maana tunapata wacheza sindimba.

---

Mdau wa Kitama

@Msomi Masasi yule aliyeigeuza geuza karatasi ya bi mkubwa bango lake limeandikwa digrii mbili.

Aliyeuliza swali sijui hata kama alimaliza la saba. Mkuu ishu sio cheti, ishu ni je umekaa na kazi unayoiomba ukaijua. Msimu uliopita wa 2024/25 bei ilivuka elfu nne kwa kilo na taifa likavuna zaidi ya tani laki tano, nyingi ikaondoka ghafi. Mtu anasema kiwanda kiwanda kiwanda. Muulize tu, viwanda vilivyojengwa tangu enzi za Mwalimu vikabinafsishwa vimekuwa maghala kwa sababu gani? Mwenye digrii na asiye nayo wote wataanza kutazama juu kama hawajawahi kujiuliza.

---

Bodaboda Newala

Wakuu mimi nimewasoma tangu juzi nikawasomea na wenzangu kijiweni. Jana mgombea ubunge mmoja kapita na msafara, desturi yetu huwa tunapewa mafuta lita mbili mbili tunamsindikiza tunapiga honi. Safari hii tukamwambia mheshimiwa mafuta tutachukua baadae, kaa kwanza hapa kwenye benchi dakika kumi. Wapambe wake wakachukia sana, kuna chawa mmoja alitaka kutupiga. Mwenyewe akakaa.

Tukamuuliza maji. Nyie mnajua Newala maji ni ndoo ya kununua, uwanda wa Makonde huku juu hakuna kisima cha kuchimba na jembe. Hatukumuuliza utaleta lini. Tukamuuliza mradi wa maji wa Makonde unasimamiwa na nani, hela inatoka wapi, na umekwama sehemu gani. Swali la kwanza akajibu vizuri tu. La pili akasema ni mkopo wa India, sawa, hilo anajua, tukamheshimu. La tatu akazunguka, mara mabomba, mara wataalamu, mwisho akasema kweli jamani hiyo sehemu sijafuatilia, nipeni mpaka Ijumaa. Kijiwe kizima kikanyamaza maana hatujazoea mwanasiasa aseme sijui.

Sasa ugomvi umeanza kwetu wenyewe. Nusu wanasema huyu ni mkweli apewe, nusu wanasema mtu anagombea Newala hajui maji yamekwama wapi atafute kazi nyingine. Mafuta tulikataa. Wawili wakamfuata kwa nyuma wakachukua, nawajua.

---

Binti Naliendele

Hapo kwenye kusema sijui mimi nampa maksi, ila Ijumaa ndo mtihani. Akirudi na jibu mnamsikiliza, asiporudi mmeshajua. Mmeandika lakini? Tarehe, swali, alichojibu, na waliokuwepo. Msipoandika baada ya mwaka atasema hajawahi kukaa kwenye benchi lenu.

---

Bodaboda Newala

Tumeandika kwenye daftari la zamu. Tunataka tubandike ubao wa AMCOS watu waone wakija kupima, na wagombea wengine nao wakija tunawaandika hapo hapo, maswali yale yale matatu.

---

Mjukuu wa Liwale

Mtendaji atang'oa kabla ya adhuhuri. Na mkibandika ya mgombea mmoja tu mtaambiwa mnamfanyia kampeni au mnamharibia.

---

Mdau wa Kitama

Ndio maana msianze mpaka mmewauliza angalau wawili. Na ubao wa AMCOS achaneni nao, katibu ataogopa mrajisi, atawageuzia ugomvi wa ushirika. Mwenye duka la pembejeo hapo stendi hawezi kukubali? Ukuta ni wake, watu wote wanapita kuchukua magunia.

---

Bodaboda Newala

Kakubali lakini anataka na dawa zake ziandikwe bei hapo pembeni. Tumemwambia sawa.